Ċirkewwa: Mwamba Usiojua Kujaa wala Kupwa

Mtu aliyejifunzia kupiga mbizi Mnemba, Watamu au Mafia hapangi siku yake bila kuuliza habari za maji. Bamvua au maji mafu? Yanajaa saa ngapi? Mimi nilifika Malta na swali hilohilo mdomoni. Kijana aliyekuwa akinikodisha mitungi alicheka, akanyoosha kidole juu, kwenye kibendera kilichokuwa kikipepea kwenye paa la duka. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Unguja, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia kama mita 4. Malta ni shubiri moja. Mwamba unaouona saa mbili asubuhi ndio utakaouona saa nane mchana, ngazi ileile, maji kwenye kidato kilekile. Mkondo upo siku nyingine, lakini hauendeshwi na mwezi kama wetu. Kwa hiyo kitabu cha maji kiache nyumbani, ujifunze kusoma upepo.

Ċirkewwa (tamka Chirkewwa) iko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Malta, ubavuni mwa gati ya feri ziendazo Gozo. Upepo unaovuma zaidi Malta ni majjistral, nao unatoka kaskazini-magharibi, yaani unakuja uso kwa uso na mwamba huu. Ukiamka ukakuta majjistral ameshika, usibishane naye. Kuingia majini hakuna kazi, hata kwenye mawimbi utaruka tu. Kutoka ndiko kwenye shughuli, pale ngazi ya chuma inapopanda na kushuka mbele ya uso wako nawe una mtungi mgongoni. Siku kama hiyo wenyeji huhamia upande wa pili wa kisiwa, ambako maji yametulia kama ya birika. Kisiwa kina urefu wa kilomita 27 hivi, basi kuhama si safari. Upepo wa kaskazini-mashariki wanauita grigal, na wengi wanaamini ndio uliomvunjia Mtume Paulo meli yake, kisa kinachosimuliwa katika Matendo ya Mitume, ambamo kisiwa hiki kinaitwa Melita. Sehemu inayotajwa kuwa ndipo alipookokea haiko mbali na Ċirkewwa.

Kufika ni rahisi. Atokaye Nairobi au Dar es Salaam ataunganisha ndege Istanbul au Dubai. Aishiye Ulaya ana safari ya saa chache tu. Malta imo katika eneo la Schengen, hivyo mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aanze habari za viza mapema. Fedha ni yuro. Mabasi 41 na 42 hutoka Valletta hadi gatini Ċirkewwa, na X1 hutoka uwanja wa ndege. Lakini basi na mitungi haviendi pamoja. Ama kodi gari, ama panda gari la kituo cha uzamiaji utakachokitumia. Ukikodi, kumbuka wanaendesha kushoto kama sisi, ingawa barabara zao nyembamba zinahitaji moyo. Vyoo vipo gatini, na chai pia. Kivuli hakuna, beba kofia na maji ya kunywa.

Lugha yao itakufanya utege sikio. Kimalta kina mizizi ya Kiarabu kikiandikwa kwa herufi za Kirumi, na baadhi ya maneno yamefika kwetu kwa njia nyingine. Bahari ni baħar. Sita ni sitta, saba ni sebgħa, ishirini ni għoxrin. Wakikuambia merħba wanakukaribisha.

Sasa vifaa. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu: joto la maji bado linakaribia nyuzi 25 na umati wa Agosti umepungua. Februari na Machi maji hushuka hadi nyuzi 15, na mtu wa pwani yetu aliyezoea 27 atatetemeka hata akiwa amevaa. Nguo ya mpira ya milimita 5 inatosha kiangazi chote. Kwa majira ya baridi omba ya milimita 7 yenye kofia. Mwezi Juni usidanganywe na maji ya juu. Ukifika mita 15 au 20 unaweza kukutana na tabaka la baridi, ukahisi kana kwamba mtu amefungua mlango wa friji.

Nguo nene inaelea, kwa hiyo risasi zako za kiunoni zitaongezeka. Chumvi nayo inachangia kidogo, maana Bahari ya Kati ina chumvi kama gramu 38 kwa lita, na Bahari ya Hindi kama 35. Kwa upande mwingine, mitungi ya huko aghalabu ni ya chuma, mizito kuliko ile ya aluminiamu tuliyoizoea, nayo inakupunguzia. Usipige hesabu hizi kichwani. Ingia, toa hewa yote kwenye jaketi ukiwa karibu na ngazi, uone kama maji yanakufika machoni. Dakika tano hizo zitakuokoa na kuhangaika saa nzima. Vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, maana mawe ya kuingilia yana utelezi wa mwani na ncha kali kama za matumbawe makavu.

Niseme jambo ambalo wengi hawaambiwi, wakarudi wamenuna: mwamba huu si wa matumbawe. Ni mawe ya chokaa. Anayetafuta bustani ya rangi za Mnemba hataipata. Atakachopata ni maumbo: nyufa, mapango mafupi, kuta, na maji meupe kiasi kwamba unaweza kuona mita 30 mbele yako siku nzuri. Jua linapopenya majini linashuka kwa mistari, ukadhani uko chini ya paa la makuti lililotoboka.

Ukiingia kwa ngazi unakutana kwanza na uwanda wa mawe wa mita chache, wenye vidimbwi ambamo wanafunzi wa siku ya kwanza hufunzwa kuvua na kuvaa barakoa. Halafu ukingo. Hapo mwamba unakatika na ukuta unashuka hadi mita 25 na zaidi. Fuata ukuta ukiwa ubavuni mwako wakati wa kwenda, urudi nao ubavu wa pili. Kupotea ni vigumu. Kuna tao kubwa la jiwe ambalo kilele chake kiko kama mita 12. Pita chini yake taratibu, ugeuke chali utazame juu. Wengi wanalikimbilia kwa picha wasione kilichoota kwenye kivuli chake, vijitumbawe rangi ya chungwa vidogo kama vifungo vya shati. Beba tochi hata mchana. Kina cha mita 18 hivi kuna tundu mwambani lenye sanamu ya Bikira Maria. Malta ni nchi ya Wakatoliki na hata chini ya maji hawakumsahau. Wazamiaji wengi huishia hapo, na kwa mwenye cheti cha kwanza, chenye mpaka wa mita 18, hapo ndipo mwisho wake halali.

Samaki si wa kundi moja na wetu, ila utawatambua ndugu. Pono yupo, na mambo yake ni kinyume: jike ndiye mwekundu mwenye madaha, dume ni kijivu. Pweza hujificha kwenye nyufa na kujizungushia mawe mlangoni. Mkunga, chewa, na mara nyingine kundi la mzia likining'inia mbali ya ukuta. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, samaki wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakihamia huku, na miongoni mwao tasi wa aina mbili, jamaa wa yule anayekaangwa Tanga na kuitwa tafi Mombasa. Kwetu ni kitoweo, huko anashtakiwa kwa kunyoa mwani wa wenyeji hadi jiwe likabaki tupu.

Vya kuogopa ni vichache. Kuna mnyoo mrefu wenye manyoya meupe ubavuni. Ukimgusa atakuwasha kuliko upupu. Kuna yavuyavu wa rangi ya zambarau ambaye huletwa na upepo, hivyo muulize mtu aliyetoka majini kabla hujaingia. Boya la kuonyesha mahali ulipo ni la lazima, kwa sababu boti hazikosekani karibu na gati.

Hatari kubwa zaidi ni wepesi wenyewe. Ukiwa ukingoni mwa ukuta unaona chini kabisa, na maji meupe yanakuambia ni karibu. Mbele kidogo kuna meli mbili zilizozamishwa makusudi: Rozi, tagi iliyozamishwa mwaka 1992, na P29, boti ya doria iliyofuata mwaka 2007. Zote ziko kwenye mchanga wa mita 35 hivi. Ni mbizi nzuri, lakini si mbizi nyepesi, na ukienda kwa sababu tu umeziona kwa mbali utatumia hewa yako upesi kuliko unavyodhani. Kwa mbizi ya tao na sanamu, geuka ukifika bar 120, uwe juu ya uwanda ukiwa bado na 70, utoke na 50. Mambo yakiharibika namba ya dharura ni 112, na hospitali ya Mater Dei ina chumba cha tiba ya mgandamizo.

Baada ya mbizi ni pastizzi, vitafunwa vya unga wenye matabaka vilivyojazwa jibini au njegere. Ni vya bei ndogo na vinachoma ulimi, subiri kidogo.

Acha angalau saa 18 kati ya mbizi ya mwisho na ndege. Mimi huacha siku nzima. Siku hiyo ipeleke Gozo. Feri iko palepale, safari ni kama dakika 25, na usihangaike kutafuta dirisha la tiketi Ċirkewwa: nauli hutozwa unaporudi.