Vuli ikianza, wazuieni ng'ombe kwanza

Mvua za vuli zikinyesha wiki moja tu, nyanda za Longido, Monduli na Simanjiro hubadilika rangi. Ng'ombe waliokondeshwa na kiangazi hukimbilia kijani hicho, na mfugaji mwenye ndama dhaifu bomani huona vigumu kuwazuia. Namwelewa. Hata hivyo, wiki tatu au nne za mwanzo ndizo zinazoamua kama mwakani utachungia kwenye nyasi au kwenye gugu karoti.

Nyasi zetu za asili zinapochipua baada ya ukame, hutumia akiba iliyobaki kwenye mizizi na vitako vya mashina. Ng'ombe akizing'ata kabla hazijairudisha akiba hiyo, akarudi tena siku chache baadaye, mizizi hufupika na shina hufa. Mahali pake panabaki kipara, na gugu karoti halihitaji zaidi ya hapo. Gugu hili lenye asili ya Amerika, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, huota na kutoa maua kwa muda wa kama mwezi mmoja, na mche mmoja uliostawi unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 15,000. Majani yake ya kwanza hutandaa chini yakafunika udongo, kisha mmea hutoa kemikali zinazodumaza mimea jirani.

Ng'ombe hawalipendi kwa sababu ni chungu. Hapo ndipo penye hatari ambayo wafugaji wengi hawaitilii maanani: kundi linalokaa eneo moja msimu mzima hukata nyasi kila siku na kuliacha gugu limesimama, kana kwamba linalipalilia. Wapo wanaopendekeza ng'ombe wafungiwe humo mpaka njaa iwalazimishe kulila. Napinga ushauri huo moja kwa moja. Maziwa hugeuka machungu, na likizidi kwenye chakula cha ng'ombe humdhuru hata kumuua. Ng'ombe hatalimaliza gugu karoti kwa kulila. Nyasi ndizo zitakazolibana, mradi tuzipe nafasi.

Kwa hiyo vuli hii wapelekeni ng'ombe kwanza kwenye malisho ya mbali yasiyo na maji ya kudumu, yale yanayofaa wakati wa mvua tu, ili malisho ya karibu na visima yapumzike hadi yatoe mbegu. Huu ni utaratibu wa zamani. Wamaasai wana olopololi, Wasukuma wana ngitili, na pote huko eneo hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Ngitili za Shinyanga, zilizofufuliwa kwa maelfu ya hekta baada ya mpango wa kuhifadhi ardhi wa HASHI kuanza mwaka 1986, zinatosha kuwa ushahidi.

Mnapochunga, kundi litembee pamoja na lihame baada ya siku chache. Nyasi zisishuke chini ya kifundo cha mguu, na msirudi pale mpaka zimerefuka upya. Pale ambapo kipara kimeshatokea, kwaruza udongo, mwaga mbegu za nyasi za asili kama Cenchrus ciliaris, kisha funika kwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Siku hizi vipo vikundi vya akina mama Longido na Kajiado vinavyolima na kuuza mbegu hizo.

Vichaka vina dawa tofauti, nayo ni mbuzi. Mkulagembe ukikatwa usawa wa ardhi mwishoni mwa kiangazi huchipua upya kwa fujo, na machipukizi hayo laini mbuzi huyapenda. Waingize, watoe, uwarudishe kila yanapotokeza, mpaka kisiki kichoke. Waondoe kabla maganda hayajaiva, kwa sababu mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Lantana usiijaribu kwa njia hiyo, maana huharibu ini, na ngozi ya mnyama hupasuka juani.

Kuhusu mbegu kupita tumboni, tuwasikilize majirani zetu wa Baringo, Kenya. Mti wa mathenge ulipandwa huko miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Maganda yake ni matamu, mbuzi wakayala, na samadi ikasambaza mbegu mpaka malisho yakageuka msitu wa miiba. Anayetaka kulisha maganda hayo ayasage kwanza hadi mbegu zivunjike. Maganda mazima yasiliwe kabisa.

Samadi ndiyo inayonifanya nitahadharishe pia kuhusu mifugo ya mnadani. Ng'ombe mliyemnunua leo afungiwe kando kwa wiki moja kabla hajachanganywa na wengine, na samadi yake isitupwe malishoni. Marobota ya majani makavu yanayoshushwa kijijini wakati wa ukame yakaguliwe, kwani gugu karoti husafiri humo, na pia kwenye matope ya magurudumu.

Ukikuta miche michache ya gugu karoti, ing'oe na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua. Kufyeka hakusaidii, maana huchipua tena. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na usiwatume watoto: gugu hili huwasha ngozi na huamsha pumu.

Kaya moja ikifunga malisho yake huku jirani akichungia hapo usiku, kazi yote ni bure. Wazee wa maboma na serikali ya kijiji wakae sasa, kabla mvua haijakolea, wakubaliane eneo litakalofungwa, tarehe ya kulifungua na faini ya atakayevunja. Na atakayeona mche wa kwanza wa gugu karoti amwite afisa mifugo siku hiyohiyo.