Habari ya Kiota ni Amana

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Wageni wanaofika Tukuyu hawaji kwa ajili ya Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi tu. Wako wanaokuja na darubini shingoni kuwatazama ndege wa Mlima Rungwe, nao huuliza, "Bundi anakaa wapi?" Swali ni dogo, lakini jibu lake laweza kuhifadhi nyumba ya ndege huyo au kuivunja. Basi na tujifunze pamoja ni lini yafaa kusema, na ni lini yafaa kunyamaza.

1. Bundi ni ndege wa namna gani?

Msituni yupo bundi anayekaa katika miti mikubwa yenye matundu. Karibu na nyumba zetu yupo yule mwenye uso mweupe kama umbo la moyo, apendaye dari za maghala na za makanisa. Hawa hawajengi kiota kama kwera. Jike hutaga ndani ya tundu au juu ya dari tupu, huatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na dume humletea chakula.

Bundi wa darini hula panya hasa. Humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Chambua vidonge vilivyoanguka chini ya dari, utaona mafuvu ya panya waliokuwa wakila mahindi yako. Huyo ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara.

2. Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni hofu. Wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba bundi akilia juu ya nyumba, mtu atakufa, au kwamba ametumwa na mchawi. Ukimwonyesha mwenye hofu hiyo mti anamokaa bundi, ni kama umemtia jiwe mkononi.

Hatari ya pili hutoka kwa wale wampendao. Mtu hupiga sauti ya bundi iliyorekodiwa katika simu, na dume huacha kuwinda ili amfukuze mgeni asiyekuwapo. Mwingine hukata matawi apate picha nzuri. Bundi akitimuliwa mchana, ndege wengine humzonga kwa kelele, na mayai aliyoyaacha hupoa. Mtu mmoja akitazama kwa mbali na kuondoka, pengine hakuna dhara. Lakini picha ikipelekwa kwa simu pamoja na jina la mahali, watu ishirini waweza kuja juma hilo hilo, na kila mmoja atasema, "Mimi nimekaa dakika tano tu."

3. Je, dawa ni kunyamaza siku zote?

La, sivyo. Tukumbuke habari za kipunji, kima wa milima yetu. Wenyeji walimjua zamani, na wawindaji walijua alipo. Watafiti walisikia habari zake kwa wenyeji, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 ulimwengu ukatangaziwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu, wengi wao huku kwetu na wachache Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Basi ukimya wa zamani haukumlinda kipunji, maana wenye mitego walikuwa wanajua tayari. Waliokuwa hawajui ni wale wenye uwezo wa kumtetea.

Tena, huko Nyeri nchini Kenya, wako bundi wakubwa wanaokaa katika miamba karibu na mashamba. Wenyeji wamewaongoza wageni kwenda kuwatazama kwa malipo, na ndege aliyeogopwa akawa na faida kijijini. Kwa hiyo hatumlaumu kijana wetu anayetafuta ada ya shule kwa kuongoza wageni. Ila huko mwenyeji huenda pamoja na mgeni, humwambia asimame wapi, na kesho yupo pale pale kumwangalia ndege. Picha iliyotupwa katika simu haina mlinzi wa namna hiyo.

4. Sheria ya kiota

Katika Torati iko sheria ya mtu anayekuta kiota njiani, mama ameatamia. Hakuruhusiwa kumchukua mama pamoja na makinda. Sharti amwache mama aende zake. Angalieni kwamba mtu huyo yuko peke yake. Hakuna shahidi wala askari. Ndege yumo mikononi mwake kwa sababu tu amejua mahali alipo. Hapo ndipo Mungu anapomwekea mpaka. Kujua kiota kilipo ni uwezo juu ya maisha ya kiumbe kingine, na uwezo huo ni amana.

5. Tufanyeje?

(a) Kabla ya kusema, jiulize: huyu atafanya nini na habari hii, na ni nani atakayekuwapo akiisha kuondoka?

(b) Taja eneo, usitaje mti. Atlasi ya Ndege wa Tanzania huandika ndege kwa miraba ya nusu digrii, yaani kilomita 55 hivi kila upande. Elimu hupatikana, na tundu hubaki siri.

(c) Wakati wa mayai na makinda usimpeleke mtu yeyote.

(d) Ukiona mti wenye kiota unataka kukatwa, usinyamaze. Waambie watunza msitu na serikali ya kijiji upesi.

(e) Bundi akiwa darini mwa kanisa, mzee wa kanisa asiagize afukuzwe kabla makinda hayajaruka.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni hofu gani juu ya bundi tuliyoipokea kwa wazee wetu? Tutaisemaje mbele ya watoto?

2. Mgeni akikupa fedha nyingi umwonyeshe kiota chenye makinda, nawe una mtoto anayedaiwa ada, utamjibu nini?

3. Ni habari gani nyingine, za wanyama au za jirani, ambazo kuzijua tu kumetupa uwezo wa kudhuru?