Kisu au Mionzi? Kijitabu kwa Mwanaume Aliyeambiwa Ana Saratani ya Tezi Dume

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mwanaume wa Kitai, wa Mbinga au wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa aliyepimwa akaambiwa ana saratani ya tezi dume. Ni cha mkewe, watoto wake na ndugu watakaokaa naye kikao pia, maana kwenye kikao hicho swali huwa moja: apasuliwe au aende kwenye mionzi?

Tuanze na jibu. Saratani ikiwa bado imo ndani ya tezi, upasuaji unaweza kuiponya na mionzi inaweza kuiponya. Tofauti kubwa iko kwenye maisha ya baada ya tiba, na kwenye kile ambacho mwili wako, umri wako na mfuko wako vinaweza kubeba. Kwa hiyo uamuzi ni wako ukisaidiwa na daktari. Jirani aliyepona kwa njia moja anaweza kukupa moyo, lakini hawezi kukuchagulia.

"Amepasuliwa tezi": kupasuliwa kupi?

Mtaani maneno haya hubeba upasuaji wa aina tatu, na ndipo watu wanapopotezana.

1. *Kufungua njia ya mkojo.* Hufanyiwa mtu ambaye tezi imekua ikabana mkojo. Sehemu ya ndani ya tezi hukwanguliwa au kutolewa, na ganda la nje hubaki. Kukua huku kwa tezi kunawapata wanaume wengi wanavyozeeka, na si saratani.
2. *Kuondoa tezi yote pamoja na vifuko vya manii.* Huu ndio upasuaji wa kuponya saratani iliyo ndani ya tezi, na ndio unaozungumzwa katika kijitabu hiki.
3. *Kuondoa korodani.* Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Upasuaji huu hupunguza makali ya saratani iliyosambaa. Kuna sindano zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Ukisikia "mzee fulani alipasuliwa na bado alikufa", uliza kwanza alipasuliwa upi na saratani ilikuwa imefika wapi.

Mambo manne ya kujua kabla ya kuchagua

Omba majibu yako, uyabebe kwenye bahasha moja, na umwombe daktari akusomee haya:

- *Kipimo cha damu cha PSA.* Huonyesha kiasi cha protini inayotoka kwenye tezi. Hupanda kwa saratani, lakini pia kwa maambukizi na kwa tezi iliyokua tu. PSA peke yake haitoshi kusema mtu ana saratani.
- *Majibu ya kinyama.* Vipande vidogo vilivyochukuliwa kwenye tezi hupimwa maabara na kupewa alama za Gleason. Alama 6 ni saratani ya mwendo wa pole. Alama 8 hadi 10 ni kali.
- *Imefika wapi.* Imo ndani ya tezi, imetoka nje kidogo, au imefika kwenye mifupa? Hapa huhitajika vipimo vya picha kama MRI, CT-Scan au kipimo cha mifupa.
- *Afya yako kwa jumla.* Presha, kisukari, moyo, na hali ya mkojo na nguvu za kiume kabla ya tiba. Hili la mwisho wanaume hulificha, na bila hilo daktari hawezi kukupa ushauri wa kweli.

Wapo ambao saratani yao ni ndogo na ya pole kiasi kwamba hawahitaji tiba yoyote kwa sasa. Hufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara, na tiba huanza ikionekana inakua. Ufuatiliaji huo ni njia halali ya kitabibu, ila unamfaa mtu ambaye hatakosa siku zake za kliniki.

Na kama saratani imeshafika mifupani, swali la kisu au mionzi hubadilika. Hapo msingi wa tiba ni kushusha homoni, na mionzi hutumika zaidi kutuliza maumivu ya mifupa, ingawa wapo ambao daktari atawashauri waelekezewe mionzi kwenye tezi pia.

Upasuaji ukoje

Unalazwa, unapewa usingizi, tezi yote inatolewa, kisha kibofu kinaunganishwa upya na njia ya mkojo. Utakaa hospitali siku kadhaa na kuondoka na mpira wa mkojo, ambao kwa kawaida hubaki wiki 1 hadi 2. Kwa wiki 6 hivi usinyanyue mzigo mzito. Kufyeka nyasi za mashimo ya ngoro shambani, kubeba gunia la kahawa na kuvuta mtumbwi vyote vinasubiri.

*Faida zake:* saratani inatoka siku moja. Tezi nzima inapimwa maabara na ukweli wote unajulikana. PSA inatakiwa kushuka hadi isionekane, hivyo ufuatiliaji ni rahisi. Saratani ikirudi, mionzi bado inaweza kutumika.

*Gharama zake mwilini:* mkojo kuvuja, hasa miezi ya mwanzo, unapokohoa au kuinuka. Nguvu za kiume kupungua au kwisha, kwa sababu mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita ubavuni mwa tezi. Hutatoa manii tena, kwa hiyo hutapata mtoto kwa njia ya kawaida. Kama upasuaji wowote mkubwa, kuna hatari ya kutokwa damu na ya usingizi wenyewe.

Mionzi ikoje

Kwanza unapigwa picha ya kupanga tiba na kuwekewa alama ndogo kwenye ngozi ili mionzi ilenge pale pale kila siku. Kisha unakwenda siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 8 kutegemea mpango. Kila mara unalala mezani dakika chache, mara nyingi ukiwa umekunywa maji kibofu kijae. Husikii maumivu. Ukitoka unapanda daladala kama watu wengine. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kwa hiyo mjukuu anaweza kukaa mapajani pako.

Kwa saratani ya wastani au kali huongezwa sindano za kushusha homoni, za miezi michache hadi miaka 2 au 3. Sindano hizo huleta joto la ghafla, uchovu na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa.

*Faida zake:* hakuna kisu wala usingizi. Inamfaa mtu mwenye umri mkubwa au maradhi ya moyo. Mkojo kuvuja ni nadra zaidi.

*Gharama zake mwilini:* uchovu, kukojoa mara kwa mara na kwa kuwashwa, kuharisha. Kwa wachache, damu kwenye choo kikubwa hujitokeza hata baada ya mwaka au zaidi. Nguvu za kiume hupungua taratibu kwa miaka. PSA hushuka polepole, mwaka hadi miwili, hivyo unahitaji subira. Na saratani ikirudi, kuitoa tezi kwa kisu baada ya mionzi ni kazi ngumu zaidi.

Utafiti unasema nini

Watafiti wa Uingereza waliwafuata kwa miaka 15 wanaume 1,643 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 ambao saratani yao iligundulika mapema. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Katika kila kundi, takriban wanaume 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo.

Tofauti ilikuwa kwenye maisha ya kila siku. Miezi 6 baada ya tiba, karibu nusu ya waliopasuliwa walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo, na miaka 6 baadaye walibaki kama 17 kati ya 100. Kwa waliopata mionzi walikuwa kama 5 kati ya 100 au pungufu.

Tahadhari moja: wengi wa wanaume wale walikuwa Wazungu, na waligunduliwa kwa kipimo cha damu kabla ya dalili. Wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi ya saratani hii, na kwetu wengi hufika hospitali wakiwa wameshachelewa. Takwimu hizo ni za mtu aliyewahi.

Marais wawili, njia mbili

Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, akiwa na miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Aliporudi nyumbani aliwaambia Watanzania wazi kwamba ilikuwa saratani iliyogundulika mapema, akawahimiza wanaume wapime.

Mwaka 2001, Nelson Mandela, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini, aligundulika na saratani hiyo hiyo akiwa na miaka 83. Yeye alipata mionzi kwa wiki 7. Aliishi miaka 12 zaidi, akafariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95.

Ugonjwa mmoja, umri tofauti, tiba tofauti. Kilichowaunganisha ni kujulikana mapema.

Safari kutoka Kitai

Kitai ni njia panda. Basi la Mbinga na Mbamba Bay linapita kuelekea Songea, na barabara ya Lituhi inachepuka kwenda ziwani. Tiba yako itapita barabara hizo hizo, kwa hiyo ipange kama safari.

Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu: Mbinga, Litembo, Liuli au Peramiho. Kutoka hapo utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, na baadaye kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Usiondoke bila barua ya rufaa, maana mbele utaulizwa hiyo kwanza.

Upasuaji wa kuondoa tezi yote hufanywa kwenye hospitali kubwa zenye mabingwa, kama Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Huduma hii inapanuliwa, kwa hiyo muulize daktari kama kuna kituo kingine kilicho karibu zaidi.

Songea hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000. Upasuaji ni safari moja ya siku kadhaa, kisha kurudi kliniki. Mionzi ni kuishi mjini wiki nyingi: chumba, chakula, nauli ya kila siku, na mtu wa kukaa nawe. Familia nyingi hujiandaa kwa gharama ya tiba zikasahau gharama ya kula na kulala. Kabla ya kuondoka, uliza bima yako inalipa nini, na uende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kama huna uwezo. Anayeanza mionzi asiikatishe katikati kwa sababu msimu wa kahawa umefika.

Kikao cha nyumbani: mfano

Mkulima wa miaka 70, mwenye presha na moyo uliochoka, ameambiwa saratani ingali ndani ya tezi. Mwanawe mkubwa anasema, "Baba, itolewe yote tumalize." Mke anauliza, "Usingizi huo moyo wake utauweza?" Binti anaongeza, "Kwangu Mbagala chumba kipo. Baba aje akae hadi amalize mionzi." Mzee amekaa kimya muda mrefu, kisha anasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo: anaogopa kunuka mkojo kanisani.

Sasa kikao kimepata la kuamulia. Moyo, chumba cha Mbagala na hofu ya mzee vyote vinaelekea kwenye mionzi. Angekuwa na miaka 55, mwenye afya nzuri na asiye na mahali pa kufikia mjini, huenda kikao kingeishia kwenye upasuaji. Mke asikose kikao hiki, kwa sababu tiba zote mbili zinagusa ndoa.

Maswali ya kumwuliza daktari

- Saratani yangu ni ya alama ngapi, na imefika wapi?
- Kwa umri na afya yangu, ninahitaji tiba sasa, au ninaweza kufuatiliwa?
- Wewe au kituo hiki mmeshafanya upasuaji huu mara ngapi?
- Nikienda mionzi, ni siku ngapi, na nitahitaji sindano za homoni kwa muda gani?
- Mkojo na nguvu za kiume vikiharibika, kuna msaada gani?
- Saratani ikirudi, hatua inayofuata ni ipi?

Omba kuonana na wote wawili, daktari mpasuaji na daktari wa mionzi, kabla ya kuamua.

Kuhusu dawa za asili

Hakuna mti shamba uliothibitishwa kuponya saratani ya tezi dume. Kama unatumia dawa yoyote, mwambie daktari, kwa sababu baadhi huweza kuongeza kutokwa damu wakati wa upasuaji. Maombi yaendelee, na kliniki iendelee.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona

- mkojo umeziba kabisa, au unatoka na mabonge ya damu;
- homa na kutetemeka baada ya kuchukuliwa kinyama au kupasuliwa;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana;
- maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kukosa nguvu. Hii inaweza kuwa saratani inayobana uti wa mgongo, na kuchelewa kunaweza kukuacha umepooza.

Neno la mwisho

Saratani iliyo ndani ya tezi kwa kawaida hukupa wiki kadhaa za kuuliza, kupima na kukaa kikao. Zitumie, kisha chagua na uanze. Na ukishapona, waambie wanao wa kiume na ndugu zako wa damu, kwa sababu hatari yao imeongezeka: waanze kupima wakiwa na miaka 40 hadi 45, bila kungoja mkojo usumbue.