Mdogo Wangu, Foleni ya Chakula Haimuumbui Mtu

Ujumbe wenu kutoka Marekani umenijaa simuni, na karibu wote una kilio kimoja: fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, zimekatwa, mchele unakwisha, na mtu anaona haya kwenda kuchukua chakula cha bure pantri. Mmoja ameniambia huegesha gari mtaa wa pili, asije akaonwa na wenzake wa kanisani. Jamani! Na hao wa kanisani wako ndani, wanachagua vitunguu.

Sogea hapa tuongee, wewe unayeniita dada na wewe wa Bukavu unayeniita yaya.

Kwanza, hukukosea kitu. Kuna sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, nayo ndiyo iliyovuruga mambo. Mkimbizi, au mtu aliyepewa hifadhi, ambaye bado hajapata grini kadi, ameondolewa kwenye fudi stempu. Zamani alikuwa akipata bila kungoja kadi hiyo. Halafu kuna ile habari ya saa 80 za kazi kwa mwezi. Sasa inawagusa hata wenye miaka 55 hadi 64, na wazazi ambao mtoto wao wa mwisho ameshatimiza miaka 14. Usipotimiza saa hizo na huna msamaha, unapata miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo keisi woka akikwambia umekatwa, usirudi nyumbani ukajilaumu usiku kucha kana kwamba umeiba.

Najua kinachokuuma. Umelelewa ukiambiwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na leo umesimama na mfuko mtupu mbele ya watu usiowajua. Lakini methali hiyo ilikuwa ya kumwamsha mvivu, haikumlenga mama anayefanya zamu ya usiku kiwandani. Wala foleni hii haikuanza na wewe: benki ya chakula ya kwanza, ghala la aina inayozipa pantri chakula, ilianza Phoenix mwaka 1967. Aliyeianzisha, John van Hengel, alikuwa akisimulia kuwa wazo alilipata kwa mama mmoja mwenye watoto wengi, aliyekuwa akiwalisha kwa vyakula vizima vilivyotupwa na duka. Na Novemba 2025, serikali ilipokuwa imefungwa na fudi stempu za watu wapatao milioni 42 zikachelewa, wafanyakazi wa serikali wenyewe walipanga foleni za pantri. Na wewe unaficha gari!

Nenda mapema, na mifuko yako. Pantri nyingi huuliza jina, unakoishi na mko wangapi nyumbani. Nyingine hutaka barua inayoonyesha anwani. Piga simu kwanza uulize wanataka nini, maana kila moja ina taratibu zake. Kama hujui iliyo karibu, piga 211. Zipo zinazokuacha uchague kama dukani, na zipo zinazokupa boksi lililofungwa tayari. Ukipewa boksi, usinune kwa kuwa hakuna unga wa ugali. Siagi ya karanga ile yenye karanga na chumvi tu, isiyo na sukari, tia vijiko viwili kwenye sombe uone kama watoto hawatalamba sahani. Maharagwe ya kopo yaoshe, yakaangie kitunguu na nyanya. Na usitupe kopo kwa sababu tu tarehe imepita juzi: mara nyingi tarehe hiyo inahusu ubora. Lililovimba au linalovuja, hilo ndilo la kutupa.

Sasa hapa nitakuwa mkali kidogo. Wako waliokwisha kuonja pantri, wakaona inatosha, wakaacha kufuatilia kadi ya EBT, ile inayotiwa fudi stempu. Mdogo wangu, utaumia. Feeding America, mtandao wa benki za chakula zipatazo 200, wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja wanaotoa wao, fudi stempu hutoa tisa. Nao wamepunguziwa: mwaka 2025 serikali ilifuta shehena kadhaa za chakula ilizokuwa imepanga kuwapelekea. Wiki hii utapata kuku, wiki ijayo utapata mkate na viazi. Pantri inakushika mkono usianguke, lakini haiwezi kukubeba mwaka mzima.

Kwa hiyo usikubali kukatwa kimya kimya. Mwanao aliyezaliwa Marekani ni raia, anaweza kuendelea kupata hata kama wewe umeondolewa. Wengi huambiwa “umekatwa” wakadhani ni nyumba nzima! Uliza: ni mimi, au ni sisi sote? Una mimba, unanyonyesha, au una mtoto chini ya miaka mitano? Omba WIC, chakula cha mama na mtoto: huo ni mpango mwingine kabisa, na sheria ile haikuwafungia wakimbizi mlango wake. Chakula cha shuleni nacho, jaza fomu. Mkimbizi akitimiza mwaka mmoja nchini anatakiwa kuomba grini kadi. Omba, hata kama majibu yatakawia, kwa sababu siku ukiipata unaweza kuomba fudi stempu upya. Na kama kinachokubana ni zile saa 80, kazi ya kujitolea huweza kuhesabiwa, hata ya kupanga makopo pantri. Ila muulize keisi woka kwanza, na kila mwezi uombe karatasi yenye sahihi. Ukibaki na maneno matupu, mwisho wa mwezi utalia peke yako.

Kuna pia hizi barua mnazozirundika juu ya friji kwa sababu Kiingereza chake kinatisha. Nawaelewa, lakini barua hiyo ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, na tarehe haikungoji upate ujasiri. Usimtoe binti yako shuleni akakutafsirie mambo ya watu wazima, akaanza kubeba hofu ya nyumba angali mdogo. Ofisi ya fudi stempu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Ukipiga simu sema neno moja tu, “Swahili”, kisha usikate, hata wakikuweka kwenye muziki nusu saa.