Mlima Ukilipuka Mbali: Maandalizi ya Nyumba ya Pwani

Kwale haina volkano hai. Vilima vya Jombo na Mrima, bara ya Msambweni, ni mabaki ya moto wa ardhini uliozimika mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kuwapo, na hakuna sababu ya mtu anayelima chini yake kukosa usingizi. Vilivyo jirani zaidi kati ya vilivyowaka juzijuzi ni vilima vya Chyulu, kiasi cha kilomita 250 kutoka Diani. Vilitema lava katikati ya karne ya 19, na mawe yake meusi, yale yanayoitwa Shetani, bado yametanda Tsavo Magharibi. Tanzania kuna Ol Doinyo Lengai, ambayo ingali hai. Ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Ngazija, kuna Karthala, karibu kilomita 900 kutoka Msambweni.

Kwa umbali huo, kwa nini mtu wa Pwani ajishughulishe? Kwa sababu volkano ina njia za kumfikia aliye mbali: majivu hupeperushwa na upepo, wimbi huvuka bahari, na jamaa zetu husafiri hadi chini ya milima yenyewe kwa kazi na biashara. Uwezekano wa Kwale kufunikwa na majivu ni mdogo. Lakini karibu kila kinachoandaliwa kwa ajili ya volkano ndicho kinachoiokoa nyumba wakati wa mafuriko kama yale ya mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo kazi hii haipotei.

Linda maji kwanza

Karthala ilipolipuka Novemba 2005, kilichowatesa watu wa Ngazija hakikuwa lava. Yalikuwa maji. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho hutegemea mvua inayokingwa mapaani na kuhifadhiwa birikani. Majivu yakaanguka juu ya paa, yakaingia birikani, na watu wakabaki na maji tele yasiyonyweka. Mtu wa Wasini ataielewa hali hii bila kuelezwa, maana kisiwani kwao jabia la mvua limelea vizazi. Na huku Kinango na Lunga Lunga nyumba nyingi zina tangi la plastiki chini ya mabati.

Ukisikia tahadhari ya majivu, au ya moshi mzito wa aina yoyote, fanya hivi:

1. Chomoa paipu inayoshuka kutoka kwenye gata hadi tangini kabla jivu halijaanza kuanguka. Mara nyingi ile kona ya juu haikugundishwa, imeshikiliwa kwa kubanwa tu. Ishike kwa mikono miwili, izungushe taratibu, itatoka. Elekeza mdomo wa gata nje ili chochote kitakachoshuka kimwagike chini. Usiirudishe paipu mpaka paa lisafishwe na mvua ya kwanza iachwe ipite.

2. Funika tangi. Kama kifuniko kimepasuka, tandika turubai juu yake ulikaze kwa kamba ya mpira, ile inayofungia mizigo kwenye bodaboda.

3. Funika kisima. Mbao zilizoachana hazitoshi. Weka turubai juu yake na mawe pembeni.

4. Jaza mitungi mapema. Kadiria lita nne kwa mtu kwa siku kwa ajili ya kunywa na kupika. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu inahitaji lita 72, yaani mitungi minne ya lita 20. Maji ya kufulia na kuogea yahesabu kando.

Kama jivu limeshaingia, yaache maji yatulie mpaka yawe meupe, teka ya juu bila kutibua, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa ya klorini. Dawa ikitiwa katika maji ya tope hupoteza nguvu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi kemikali zilizotoka kwenye jivu. Maji yakiwa na ukakasi au uchungu usio wa kawaida, usiwape watoto wala mbuzi, tafuta mengine.

Pumzi, paa na mifugo

Jivu la volkano halifanani na la jikoni. Ni mawe yaliyosagika pamoja na chembe za kioo. Haliyeyuki ndani ya maji, na likilowa huwa zito kama saruji mbichi. Linakwaruza macho na kuwasha kifua, na mwenye pumu huumia kabla ya wengine.

Linapoanguka, kaa ndani, funga madirisha, na uzibe nafasi iliyo chini ya mlango kwa kitambaa kibichi. Ukilazimika kutoka, vaa barakoa inayobana vizuri puani na kidevuni. Ukiikosa, kanga iliyokunjwa mara kadhaa ni afadhali kuliko kutoka na uso mtupu. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu, na miwani ya aina yoyote. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta ya akiba kabla ya siku hiyo. Usingoje njia ya kwenda hospitali ya Msambweni iwe na msongamano.

Usifagie jivu kavu, maana utalirudisha hewani. Nyunyiza maji kidogo, yatoshe tu kulishika, kisha lizoe kwa koleo ulitie kwenye magunia. Usilisukume mtaroni, kwa sababu mvua ijayo itakuta mtaro umeziba. Paa la mabati lisafishwe kabla halijalowa, ngazi ikiwa imeshikwa na mtu chini. Paa la makuti ni gumu zaidi, kwa kuwa jivu hunasa ndani ya majani na mvua ikija mzigo unaongezeka. Usipande juu yake. Watoe watu chini ya paa lolote lililoanza kupinda, hata kama ni banda la hoteli lenye nguzo nene.

Kuhusu mifugo, Lengai imetufundisha. Ilipolipuka kwa nguvu Septemba 2007, na kuendelea kutoa majivu hadi mwaka uliofuata, malisho yalifunikwa na familia za Wamaasai zikalazimika kuhama na wanyama wao. Mfugo unaokula majani yenye jivu humeza na kemikali zake. Wafunge, wape majani yaliyokatwa kabla ya jivu au yaliyooshwa, na ufunike hori la maji.

Isome bahari

Hapa ndipo mtu wa Pwani anapotakiwa kuwa makini zaidi. Volkano iliyo baharini au kando ya bahari inaweza kuzusha tsunami. Tarehe 22 Desemba 2018, ubavu wa Anak Krakatau huko Indonesia uliporomoka baharini usiku, mawimbi yakapiga Java na Sumatra na kuua zaidi ya watu 400. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kuwashtua waliolala. Nasi tuna volkano changa katika bahari yetu hii: Mei 2019 wanasayansi walitangaza kuwa mlima mpya umezuka kwenye sakafu ya bahari, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Mayotte, ukiwa na kimo cha mita 800 hivi. Sasa unaitwa Fani Maoré. Uko kwenye kina kirefu na haujatuletea wimbi, ila unatukumbusha kwamba visiwa jirani bado vina moto chini yake.

Tsunami tuliyoiona wenyewe ilikuwa ya 26 Desemba 2004, iliyotokana na tetemeko karibu na Sumatra. Ilichukua saa kadhaa kufika huku. Muda huo uliwawezesha polisi kuwatoa watu ufuoni, na Kenya ikampoteza mtu mmoja wakati Somalia ilipoteza karibu 300. Saa chache za tahadhari, zikitumika, zinaokoa watu wengi sana.

Na kabla ya tahadhari ya redio kuna tahadhari ya bahari yenyewe. Mvuvi wa Gazi au Shimoni anazijua saa za maji kujaa na kupwa, na anajua tofauti ya bamvua na maji mafu. Maji yakipwa nje ya saa zake, au yakikimbia kana kwamba ni bamvua wakati ni siku za maji mafu, hiyo si bahati ya kuokotea pweza. Ni amri ya kuondoka. Kina mama na vijana walio mwambani ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu wako mbali na nchi kavu. Wafundisheni watoto kwamba samaki wanaorukaruka kwenye mchanga mkavu ghafla hawafuatwi. Ishara nyingine ni mngurumo kutoka baharini usiokoma, na tetemeko linalofanya kusimama kuwe kugumu.

Ukiona mojawapo, usingoje ya pili:

1. Kimbia kwa miguu kuelekea bara. Magari na tuktuk zitaziba njia. Kwa Diani, usiishie barabara ya hotelini. Endelea hadi Ukunda, kwenye barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga. Gazi na Msambweni nao waelekee barabara hiyo hiyo na kuivuka. Vanga iko chini sana na imezungukwa na mikoko, kwa hiyo watu wake waanze kutoka mapema kuliko wote. Wa Wasini wapande sehemu ya juu kabisa ya kisiwa.

2. Aliye ndani ya ngalawa au mashua nje ya mwamba asirudi pwani. Aelekee maji marefu, maana tsunami huinuka inapofika maji mafupi.

3. Usirudi baada ya wimbi la kwanza. Huja mengi, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Ngoja tangazo.

Tangazo la kuaminika hutoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo ndiyo kituo cha taifa cha tahadhari ya tsunami, kisha hupita kwa ofisi ya kaunti, kwa chifu na kwa redio kama Radio Kaya. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa nambari 1199 bila malipo. Sauti ya WhatsApp isiyo na jina wala saa usiisambaze. Isikilize, kisha piga simu uulize.

Aliye safarini Goma

Malori yanayotoka bandari ya Mombasa hufika hadi Goma, huko Kongo, na madereva na matingo wake ni watoto wetu. Mji huo uko chini ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka jioni bila tahadhari kwa wakazi, na watu wapatao 32 wakafa. Si wote waliouawa na lava: wengine walikufa kwa ajali barabarani wakikimbia, na wengine walikosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inafuka. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa kumi ihame, na watu wapatao 400,000 wakaondoka. Katika zahama hizo zaidi ya watoto 150 walitengana na wazazi wao. Mwaka 2002 lava ilipoingia mjini, makumi ya watu walikufa katika mlipuko wa kituo cha mafuta walipokuwa wakichota mafuta.

Kwa hiyo mwambie kijana wako: usikanyage lava hata ikionekana nyeusi na ngumu, usisogelee mafuta yanayomwagika, usiendeshe gari kwa pupa, na usilale wala kuegesha lori bondeni. Mabonde ya huko hukusanya mazuku, hewa ya kaboni isiyo na harufu inayotanda chini na kuua mbuzi na watu, hasa usiku usio na upepo. Ukiona ndege au wanyama wamekufa mahali, ondoka upande juu.

Ndege zikisimama

Aprili 2010 majivu ya Eyjafjallajökull huko Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa karibu wiki nzima, na maua ya Kenya yakaharibika yakingoja ndege. Novemba 2025 Hayli Gubbi ya Ethiopia ilirusha majivu yaliyovuka Yemen na Oman hadi India, na safari kadhaa za ndege zikafutwa. Mfanyakazi wa hoteli Diani huliona jambo hilo kwa namna mbili: wageni walioondoka hawafiki kwao, na waliotarajiwa hawaji. Mwenye hoteli akubaliane mapema na mawakala nani atalipia siku za ziada. Mwenye mashua ya utalii aweke akiba kutoka msimu mzuri.

Jamaa anayesafiri kutoka Ulaya ajue haki yake: Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata safari ikifutwa kwa sababu ya majivu ya volkano, shirika bado lina wajibu wa kumpa abiria chakula na malazi. Aombe kwa maandishi na atunze risiti.

Kikao cha familia

Kabla ya wiki hii kuisha, kaeni pamoja jioni moja mkubaliane mambo manne. Mahali pa kukutana upande wa bara mkitawanyika. Jamaa mmoja anayeishi mbali, Mombasa au Nairobi, ambaye kila mtu atampigia. Nani atamshika mkono bibi na nani atambeba mtoto. Na mfuko mmoja karibu na mlango wenye vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, dawa, tochi, redio ya betri na pesa kidogo taslimu, kwa kuwa M-Pesa haifanyi kazi mtandao ukianguka. Nambari ya jamaa huyo iandikeni kwa wino kwenye pindo la nguo ya kila mtoto mdogo. Kisha lipelekeni suala hili kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, na kwa mzee wa mtaa, muulize ni nani mwenye jukumu la kupiga kengele ufuoni na njia ya kutokea ni ipi. Jibu likikosekana, mkutano wa kijiji ujao uwe na ajenda hiyo mwanzoni, na usifungwe kabla mtu hajatajwa kwa jina.