PERMI IMESIMAMISHWA: USIIFICHE



Somo la leo ni juu ya permi ya dereva. Utauliza: permi inatafuta nini katika ukurasa wa afya? Sikiliza kwanza habari hii.

Alhamisi moja asubuhi bwana mmoja, dereva wa basi la wafanyakazi, aliingia dispanseri kabla hatujafungua dirisha la dawa. Hakuwa na homa wala kidonda. Alifunga mlango mwenyewe, akatoa karatasi yenye muhuri. Permi yake ilikuwa imesimamishwa tangu Jumatatu.

Jumapili alikuwa kwenye arusi ya mtoto wa dada yake. Alianza kunywa saa mbili ya usiku, akaacha katikati ya usiku. Chupa kubwa nne za bia, si zaidi, na mimi namwamini. Akalala. Alipoamka alioga maji baridi, akanywa kahawa nyeusi, akaondoka na motokari yake kwenda kazini. Kwenye kizuizi polisi wa barabarani wakamwambia apulize katika mashine. «Infirmier,» akaniambia, «mimi sikuwa mlevi. Nilikuwa nimelala!»

Hapo ndipo afya inapoingia, maana watu wengi wanafikiri kama yeye.

Chupa kubwa ya bia ya santilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoli safi. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa hiyo moja inaweza kutia katika damu zaidi ya nusu gramu kwa kila litri. Ni ini linalofanya kazi ya kuitoa, na ini ni mfanyakazi asiyejua kuharakishwa: linatoa gramu 0,10 mpaka 0,15 kwa saa moja. Basi fanya hesabu. Chupa moja inataka masaa 4 hivi, na kwa wengine zaidi. Chupa nne zinataka masaa 16. Aliyeanza saa mbili ya usiku, ini lake linamaliza kazi kesho yake mchana, jua likiwa utosini. Ndugu yetu alipuliza saa kumi na mbili ya asubuhi. Damu yake ilikuwa bado na karibu gramu 0,8 au hata kupita.

Kahawa inafungua macho tu. Maji baridi yanaosha ngozi tu. Kutapika asubuhi hakutoi kitu kilichokwisha kuingia katika damu. Usingizi nao hauharakishi ini hata kidogo. Na kama ni lutuku, hesabu yangu haifai tena, kwa sababu hakuna anayejua nguvu ya chupa ile, hata yule mama aliyeipika. Mwanamke, au mtu mwenye mwili mdogo, akinywa kipimo kilekile damu yake inapata zaidi.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Alitaka nini kwangu? Alitaka nimwandikie cheti kwamba Jumapili ile alikuwa amemeza dawa ya kikohozi, na kwamba ndiyo iliyodanganya mashine. Ana watoto sita. Tunakaa kambi moja, bibi yake na wangu wanateka maji pamoja. Nisiwafiche: kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika.

Ndipo nikamuuliza, «Na tangu Jumatatu, basi anaendesha nani?»

Akatazama chini. Ni yeye. Jumatatu ileile alifika kazini kwa miguu, akachukua ufunguo kama kawaida, bila kumwambia mkubwa wake neno. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, posti ya asubuhi na ya mangaribi. Katika watu aliowabeba siku zile tatu alikuwamo mdogo wangu.

Kalamu nikaiweka chini. Cheti cha uongo kingempa yeye nafasi ya kuendelea, nami ningekuwa nimeshika usukani pamoja naye.

Basi ikikupata wewe, ufanye nini? Kwanza, pale barabarani usibishane na usikimbie. Omba karatasi inayoandika nani ameshika permi yako, kwa kosa gani, tarehe gani, na ofisi gani utaitikia. Permi iliyokwenda bila karatasi ni shida kuifuata, na maneno ya kando ya njia hayana muhuri. Soma tarehe zote. Kama kuna siku ya kuitikia, uende siku ile, hata kama unaona haya. Karatasi hiyo uitunze, na uifanyie kopi.

Pili, siku ileile, kabla ya kushika ufunguo wowote, umwambie mkubwa wako wa kazi. Najua ni neno gumu. Siwezi kukuahidi kwamba hutapata adhabu, wala kwamba pesa ya udereva itaendelea kulipwa. Huyu bwana aliwekwa magazini kuhesabu vipuri, na mshahara wake wa mwezi ule ulipungua. Lakini fikiri juu ya njia nyingine. Ukiendesha permi ikiwa imesimamishwa, hilo ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Ukigonga mtu, swali la kwanza la polisi na la asiransi litakuwa: permi iko wapi? Unaweza kujikuta unalipa wewe mwenyewe mguu wa mtu, au kifo cha mtu, na mshahara wa fundi wa mgodi hautoshi kwa mambo hayo.

Wengine wananiambia: «Ndani ya mgodi hakuna polisi, nina kadi ya kampuni.» Kadi ile inasimama juu ya permi. Permi ikianguka, urudishe na kadi. Kamyo ya kubeba tani 90 haijui kama iko ndani ya uzio au nje, na aliye chini ya gurudumu lake hajui vilevile.

Tatu, uje kwetu, si kwa kutafuta cheti, lakini tutafute kilichokufikisha pale. Si pombe siku zote. Mtu aliyekesha masaa 17 bila kulala anaendesha vibaya kama mwenye gramu 0,5 za pombe katika damu, na baada ya posti ya usiku wengi wanafika hapo. Dawa za mafua na za mwasho zinazouzwa sokoni, kama klorfeniramini, zinaleta usingizi. Kinini inaleta mzunguko wa kichwa. Wapo pia wanaopita taa nyekundu kwa sababu hawaioni vizuri, nao wanaona haya kuvaa miwani. Na mwenye kifafa asiendeshe kabla mganga hajamruhusu.

Mama wa nyumba, nina neno kwako pia. Bwana akisimamishwa permi, usimfukuze aende kazini na motokari ya jirani ili watu wasijue. Na kama anakunywa kila siku tangu miaka mingi, usimwambie aache yote kwa usiku mmoja. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafula unaweza kutetemeka, kutoa jasho, hata kuanguka kama mwenye kifafa, zaidi sana katika siku mbili za kwanza. Wengine wanaona vitu visivyokuwapo. Hayo si uchawi, wala si mizimu ya ukoo. Umlete hospitali upesi, hata usiku. Kuna dawa ya kumtuliza, na tunampa vitamini B1, kwa sababu pombe ya siku nyingi inaimaliza.

Ndugu yetu wa basi hakuongea nami kwa majuma mawili. Halafu alikuja kupima macho. Jicho lake la kushoto halikusoma mistari mitatu ya chini, na yeye mwenyewe hakujua. Permi aliirudishiwa baadaye, lakini alingoja miwani kwanza kabla ya kuomba ufunguo.

Ukija dispanseri kwa mambo haya, ulete karatasi ya polisi, miwani kama unayo, na dawa zote unazokunywa, hata zile za mizizi. Tutafunga mlango.