Tusichane michoro ya watoto wakimbizi

Ndugu zangu katika imani, miaka kadhaa iliyopita nilimnyang'anya mwanafunzi wangu karatasi, nikaichana mbele ya wenzake. Alikuwa mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, mkimya sana. Badala ya kuandika somo alichora nyumba inayoungua. Nilidhani ni utundu.

Baadaye nikasoma habari za watoto wa Darfur. Mwaka 2005 watafiti wa Human Rights Watch walikwenda kwenye makambi ya wakimbizi nchini Chad, karibu na mpaka wa Sudan. Walipokuwa wakizungumza na wazazi, waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi. Hakuna aliyewaelekeza cha kuchora. Watoto wale, Waislamu wenzetu, wakachora helikopta, wapanda farasi wenye bunduki na vijiji vinavyoteketea.

Surat Yusuf inatufundisha kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) alipofuka macho kwa huzuni aliyoizuia moyoni. Ikiwa Mtume wa Allah aliumia hivyo, seuze mtoto?

Basi mwalimu, mpe karatasi. Usimlazimishe kuchora vita, wala usijifanye tabibu wa kufasiri kila rangi. Picha moja si hukumu. Mwambie tu, "Nieleze, mwanangu." Akikataa, mwache. Ukiona halali, hataki kula au anajitenga kwa wiki kadhaa, zungumza na wazazi wake mumtafutie mtaalamu. Na anayechelea picha za viumbe, mtoto anaweza kuchora nyumba, mto na njia aliyopita.

Mwanafunzi yule nilimwomba radhi, lakini karatasi nilikuwa nimekwisha kuichana.

Wabillahi tawfiq.